Kabla ya kupandisha kifurushi, hamisha ruta

Nyumba nyingi ninazoitwa kuangalia waifai hapa Nairobi huwa na lalamiko moja: intaneti inakwamakwama, na mwenyewe keshaamua kupandisha kifurushi. Nikiingia naikuta ruta imetundikwa juu ya mlango wa chuma, au imefichwa nyuma ya televisheni, au imesukumwa ndani ya kabati pamoja na sufuria kwa sababu nyaya zake zinaharibu sura ya sebule. Mtu yuko tayari kulipa zaidi kila mwezi, ilhali shida ingeondoka kwa kebo ya mita kumi na kazi ya nusu saa. Huniuma, maana pesa hizo watu wanazitafuta kwa jasho.

Mimi hufanya kazi nyumbani, Kasarani. Nasikiliza rekodi za mahojiano na vikao, naziandika, faili zinashuka na kupanda mchana kutwa. Mtandao ukilala, jikoni nako kunalala. Kwa hivyo jambo hili nimelifuatilia kwa karibu, kwangu na kwa majirani, na kwa mama yangu huko Ruai.

Tangu kebo za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipotua Mombasa mwaka 2009, Kenya iliacha kutegemea setilaiti, na leo faiba, yaani nyuzi za kioo zinazobeba data kwa mwanga, imeingia mitaa kama Umoja, Zimmerman na Pipeline. Data inatoka ng'ambo, inapita chini ya bahari, inapanda kutoka pwani hadi Nairobi bila tabu, kisha inakwama kati ya sebule na chumba cha kulala. Hizo mita za mwisho ni zako wewe. Hakuna kifurushi kitakachozitengeneza.

Anza kwa kupima. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo, zima waifai ya hiyo kompyuta, halafu pima kasi. Kisha chomoa kebo, nenda pale unapokaa kila siku, upime tena kwa waifai. Ukiwa unalipia 20 Mbps (megabiti kwa sekunde) na kebo inakupa 19, lakini chumbani unapata 4, kampuni imekupa haki yako. Ni nyumba inayokula. Ikiwa kebo yenyewe inakupa 4, hapo piga simu ulalamike. Pima pia kati ya saa mbili na saa nne usiku, wakati ploti nzima imerudi kazini na kila mtu yuko mtandaoni, kwa sababu kasi ya saa nne asubuhi haikwambii mengi.

Watu wengi pia huchanganya vipimo. Kifurushi huuzwa kwa megabiti, lakini simu na kompyuta huonyesha ukubwa wa faili kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Kwa hivyo 20 Mbps ni kama megabaiti mbili na nusu kwa sekunde, na hapo hujaibiwa chochote. Netflix wenyewe husema Mbps 5 zinatosha kuonyesha filamu kwa ubora wa 1080p. Familia ya watu wanne yenye 20 Mbps inayofika kila chumba itaishi vizuri kuliko jirani mwenye 60 inayoishia sebuleni.

Sasa, siku fundi anapokuja kuunganisha ndiyo siku muhimu kuliko zote, na ndiyo siku watu huenda kazini wakaacha ufunguo kwa keateka. Usifanye hivyo. Fundi ana nyumba nyingine zinamngoja, na kisanduku cha faiba kiko koridoni, kwa hivyo atatoboa karibu na mlango. Wa kwangu aliponiambia, "Mama, nikuwekee hapa juu ya mlango? Ndipo karibu," nilimwonyesha ukuta wa katikati, kati ya sebule na vyumba. Akasema kebo itakuwa ndefu. Nikamwambia, "Wacha iwe ndefu, fundi. Ikizidi ile ya bure nitalipia." Aliipitisha pembeni mwa dari, akaibana vizuri, na kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Faiba haipotezi nguvu kwa kuongezewa mita kumi. Kinachoiumiza ni kona kali: ukiikunja sana mwanga unavuja, na ikivunjika ndani hutaona kitu kwa nje. Kwa hivyo kwenye pembe za ukuta aizungushe taratibu, na ile ya ziada aiviringe mviringo mpana, asiisokomeze nyuma ya kabati.

Ruta inataka kukaa juu, kama kimo cha bega au zaidi, mahali pa wazi, katikati ya nyumba. Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa mawe ya kuchonga na zege, na hivyo vyote hula mawimbi. Chuma ni kibaya zaidi, na sisi tuna milango ya chuma, fremu za chuma na madirisha yenye vyuma. Kioo kikubwa cha kujitazamia hurudisha mawimbi kwa sababu ya ile rangi ya madini nyuma yake. Friji nayo ni ukuta wa chuma. Halafu kuna maji. Kwa sababu ya mgao, nyumba nyingi hapa huweka tangi au madramu ndani, jikoni au karibu na bafu, na maji huyanyonya mawimbi ya waifai vibaya sana. Nimeona nyumba Donholm ambayo chumba cha watoto hakikuwa na mtandao kabisa, na katikati ya chumba hicho na ruta palikuwa na tangi la lita mia kadhaa lililojaa. Ruta ilipohamishwa upande wa pili, chumba kikapata mtandao wakati uleule.

Usikisie. Pakua kwenye simu programu ya kupima nguvu ya waifai. Zipo za bure nyingi kwa simu za Android. Itakuonyesha namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Hasi 50 ni nzuri sana. Hasi 67 bado utafanya mkutano wa video bila kukatika. Ikifika hasi 80, picha zinaganda na sauti inakatakata. Tembea na simu chumba hadi chumba, funga milango jinsi inavyofungwa usiku, uandike namba. Kisha sogeza ruta, rudia. Ukiwa na ruta yenye antena za nje, zisimamishe wima kwa nyumba yenye vyumba vyote usawa mmoja, maana antena iliyosimama hutupa mawimbi pembeni kuliko juu na chini. Nyumba ikiwa na vyumba juu, laza moja.

Waishio kwenye maghorofa wana tatizo jingine, majirani. Fungua orodha ya mitandao ukiwa kwenye ploti ya Roysambu uone majina yanavyojaa hadi ulazimike kuteremsha. Zote hizo zinagombania hewa moja. Ruta nyingi zina mawimbi ya aina mbili: gigahezi 2.4, yanayokwenda mbali na kupenya ukuta kiasi, na gigahezi 5, yenye kasi zaidi lakini hufa mapema. Mawimbi hayo hugawanywa kwa chaneli, kama njia za barabara, na katika 2.4 zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Ile programu ya simu itakuonyesha ipi ina watu wachache. Ingia kwenye ruta, chagua hiyo, na upana wa chaneli uweke megahezi 20, usiuongeze. Maikrowevu na Bluetooth pia hutumia hewa hiyohiyo. Ushauri wangu kwa nyumba ya kupanga ya chumba kimoja au viwili ni kuhamia gigahezi 5 kwa simu, televisheni na kompyuta, kwa sababu ukuta ule unaokuzuia wewe ndio unaomzuia na jirani. Vifaa vya zamani viachie 2.4.

Kama nyumba ni kubwa na ruta moja haifiki, wenye duka watakuuzia ripita ya kuchomeka ukutani. Sizipendi. Ripita ya bei ya chini husikiliza ruta kisha inarudia kusema kwenye chaneli ileile, kwa hivyo inakata kasi karibu nusu. Na watu huiweka kwenye chumba kisicho na mtandao, mahali ambapo yenyewe haisikii chochote cha kurudia. Kilicho bora ni kebo na ruta ya pili.

Kebo inauzwa kwa mita kwenye maduka ya Luthuli Avenue. Omba kebo ya mtandao ya aina ya Cat5e au Cat6. Cat5e inabeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na hiyo inatosha nyumba yoyote. Lakini angalia ni shaba tupu, kwa sababu inayouzwa sana kwa bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua waya mmoja kwa wembe pale dukani: ukibaki mwekundu hadi ndani ni shaba, ukitokea weupe wa fedha ni alumini. Ya alumini hukatika kwenye kona na hupoteza nguvu njiani. Muuzaji akikataa usikwangue, nenda duka la pili. Ukibana mwenyewe vichwa vya RJ45, vile vya plastiki vya mwisho wa kebo, panga nyaya nane hivi, kile kishikio cha kubonyeza kikiwa chini na ncha inayoingia kwenye ruta ikielekea mbele, mbali nawe, kuanzia kushoto: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Pande zote mbili ziwe sawasawa.

Ruta ya pili si lazima iwe mpya. Ile ya zamani iliyolala kwenye droo inaweza kufanya kazi. Ifungue mipangilio yake, zima DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani, ili ibaki kwa ruta moja tu. Ipe anwani isiyogongana na ya ruta kubwa. Ipe jina na nenosiri lilelile la mtandao, lakini chaneli tofauti. Kisha chomeka kebo kwenye tundu za kawaida za LAN pande zote mbili, usitumie ile ya WAN, ya kupokea intaneti. Kwa mama Ruai, ambako chumba chake kiko nyuma kabisa, tulifanya hivyo, na sasa anaongea na wajukuu kwa video akiwa kitandani.

Stima nayo. Kabla hujajiunga na kampuni yoyote, uliza kama kebo inayoingia mlangoni kwako ni ya faiba au ya shaba. Kampuni nyingine huleta faiba hadi jengoni tu, halafu zinagawa kwa kebo za kawaida kutoka kwa kifaa kilicho kwenye ngazi au juu ya paa. Stima ya jengo ikipotea, kifaa hicho nacho kinazima na betri yako ya ndani haitakusaidia. Faiba ikifika hadi ndani, mara nyingi hakuna kitu kinachohitaji stima kati yako na kituo cha kampuni, kwa hivyo betri ndogo ya ruta itakushikilia kwa saa kadhaa. Unaponunua betri hiyo, soma adapta ya ruta yako imeandikwa volti ngapi. Nyingi ni 12, lakini zipo za 9, na ukizikosea unaweza kuua ruta.

Usalama usiuache kesho. Nenosiri la waifai watu hubadilisha, lakini lile la kuingia kwenye mipangilio ya ruta huachwa lilivyotoka kiwandani, na hilo ndilo linaloweza kumpa mtu nyumba nzima. Libadilishe. Kwenye ulinzi wa waifai chagua WPA2 au WPA3, na zima WPS, ile kazi ya kuunganisha kifaa bila kuandika nenosiri. Na kwa kuwa simu za Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019 hutoa nenosiri kwa picha ya mraba (QR) ambayo simu nyingine huisoma kwa kamera, mtoto wako anaweza kulisambaza ploti nzima kwa dakika moja bila nia mbaya. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni. Wape wageni na marafiki wa watoto huo, wenye nenosiri lake, nawe ukibadilisha hutalazimika kuunganisha upya televisheni na kila kitu.

Taa nyekundu iliyoandikwa LOS ikiwaka, acha kuzima na kuwasha ruta. Maana yake mwanga wa faiba haufiki. Kebo imekatika au imechomoka mahali fulani. Hakikisha tu kichwa chake cha kijani kimeingia vizuri, usiguse ncha yake kwa kidole wala usichungulie ndani, kisha piga simu. Watakuuliza namba ya akaunti, kwa hivyo iandike kwenye karatasi uibandike ubavuni mwa ruta leo. Na ukihama, waarifu mapema na usiondoke na ruta bila kuuliza, maana nyingi ni mali ya kampuni. Kebo ulizovuta mwenyewe na ruta ya pili ni zako. Zibandue, uziviringe uende nazo.