Kurekodi mahojiano kwa simu: anza na sauti

Kila nikiposti klipu lazima atokee mtu aniulize natumia kamera gani, na jibu langu huwakera wengi: simu ulonayo mfukoni yatosha, hela zako kanunue maiki. Ile ndogo ya kubana kwenye kola. Mtu atavumilia picha yenye chenga lakini sauti ikiwa mbovu anapita zake, hata kama mzee anasema maneno ya dhahabu.

Na hapa Lamu sauti ndio vita yenyewe. Ukikaa forodhani una upepo wa kaskazi, injini za mashua, na punda ambaye atangoja mpaka jibu lifike patamu ndo aanze kulia. Maiki ivishe manyoya yake, kile kifuniko cha kuzuia upepo, lakini bora zaidi mwondoe mtu ufuoni, mwingize kwenye daka la nyumba, ile baraza ya mlangoni. Zile kuta nene za mawe zakata kelele, na mwangaza waja upande mmoja tu, uso unatoka vizuri bila taa yoyote. Ukiingia chumbani kabisa sauti itarudi kama uko kisimani, kwa hivo omba mikeka na mito, tandaza hata pale ambapo kamera haioni. Halafu angalia saa ya adhana kabla hujaanza, manake mzee atainuka katikati aende msikitini na huna la kumwambia.

Taa za chumbani nazo zina mambo. Stima yetu ni ya hezi 50, sasa simu ikiwa kwenye fremu 30 (picha 30 kwa sekunde) unaeza kuona picha inapepesa pepesa, weka fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, itatulia. Na ukimweka mtu mbele ya bahari simu yafuata ule mwangaza wa maji, uso unakuwa mweusi tii; gusa uso kwenye skrini, shikilia mpaka fokasi na mwangaza vijifunge hapo.

Maswali sasa. Ukienda kijiji cha Matondoni hapa kisiwani kwa fundi wa majahazi ukamuuliza "hii kazi ni ngumu?" atakujibu "ee, ngumu", basi, mumemaliza. Mwambie "mzee, hebu nieleze ukishaweka mkuku wafanyaje" uone, atakutoa kwenye mataruma, zile mbavu za chombo, mpaka kalafati ya kuziba nyufa, bila kupumua. Mwombe aanze na jina la kitu chenyewe, asiseme "hiyo", kwa sababu swali lako utalikata baadaye. Keti karibu kabisa na simu akuangalie wewe, na usiitikie "mhm mhm", tingisha kichwa tu. Akinyamaza nyamaza na wewe. Hapo ndo mtu huongeza lile alilokuwa amelificha, wallahi, mimi vipande vyangu vizuri karibu vyote vimetoka hapo.

Kuna akina mama hawataki sura ionekane, na usiwabembeleze. Chukua sauti, chukua mikono ikisuka mkeka, ukili unavyopita kati ya vidole, na hata kwa wale wanaokubali sura utazihitaji hizo picha za kufunika pale unapokata maneno.

Simu weka kwenye flight mode. Ukimaliza mahojiano, rekodi nusu dakika ya kimya cha pale pale, ya kujazia pale unapokata maneno, kisha vaa hedifoni usikilize kabla hujamtoa mtu maiki. Bei za maiki siandiki, zabadilika kila saa, ulizia Mombasa kwanza.