Jibu: Kwaresima kwa mwenye vidonda vya tumbo

Mkuu, umeuliza kama mwenye vidonda vya tumbo anaweza kuishika Kwaresima bila kufunga. Anaweza. Kwetu Wakatoliki siku za lazima kufunga ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, tena kwa wenye miaka 18 hadi 59, na mgonjwa halazimishwi. Hata zile siku 40 za Kwaresima, kabla ya Pasaka, ni bila Jumapili. Ukijumlisha na Jumapili zinafika 46 (watu hubishana sana hapa bila kushika kalenda).

Kuna sala, na kuna matendo. Jumuiya yetu hapa Moshi hufanya Njia ya Msalaba, sala ya kukumbuka mateso ya Yesu, kila Ijumaa, vituo 14 katikati ya migomba, na masika yakiwahi unarudi na tope magotini. Mimi napenda zaidi Jumamosi, siku ya matendo. Mwaka jana tulikwenda kwa bibi mmoja anayeishi peke yake: akina mama wakamfulia mablanketi, vijana wakakata majani ya ng'ombe, mimi nikachota maji. Akakataa tuondoke mpaka tule ndizi zake. Nusu yetu tulikuwa tumefunga. Tukala.

Wewe kunywa uji wako, dawa usiache. Ijumaa njoo, tunaanza saa kumi na moja jioni.