Matundu Chini ya Mti wa Palo Verde

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Tucson, katika jimbo la Arizona, Marekani. Tangu mvua za monsuni zilipoanza mwezi Julai, kila baada ya magharibi hutua kwenye taa ya kibaraza chetu mdudu mkubwa wa rangi ya kahawia iliyokolea, mwenye papasi (vipapasio vya kichwani) ndefu, na jirani yangu anashikilia kwamba ni mende. Asubuhi nimekuta matundu manne, kila moja likipitisha kidole gumba, chini ya mti wetu wa palo verde, ambao matawi yake ya juu yameanza kukauka. Je, nimwage dawa katika matundu hayo? Na yule mweusi anayetafuna mipungate yetu ni ndugu yake?

JIBU: Ndugu msomaji, jirani yako amekosea, ingawa si yeye wa kwanza. Huyo ni mbawakawa wa jamii ya papasi ndefu, Derobrachus hovorei, ambaye urefu wake hukaribia sentimita 9. Mtazame kwa karibu akiwa ametulia: mabawa yake ya juu ni magumu kama gamba na hukutana kwa mstari ulionyooka katikati ya mgongo, ilhali ya mende hulaliana, na nyuma tu ya kichwa, pembeni, ana miiba midogo ambayo mende hana. Usimshike kwa mkono mtupu, kwa kuwa taya zake huuma barabara, japo hana sumu. Katika vitabu vya kabla ya 2007 utamkuta akiitwa Derobrachus geminatus.

Matundu uliyoyaona ni ya kutokea. Jike hutaga mayai ardhini karibu na shina, kisha buu, ambaye ni mweupe kama maziwa na hatimaye humzidi mzazi wake kwa urefu, huishi gizani akitafuna mizizi kwa miaka 2 au 3, na pengine zaidi, hadi siku anapogeuka mbawakawa kamili na kuchimba njia ya kupandia juu wakati wa joto kali na mvua. Akishatoka, hubakiwa na majuma machache tu ya kutafuta mwenzi na kutaga. Kwa hiyo ukimwaga dawa ndani ya tundu, unaipulizia nyumba ambayo mpangaji amekwisha kuhama, na mabuu waliobaki wamejificha ndani ya mizizi ambako dawa hiyo haiwafikii.

Ningekushauri fedha ya dawa uitumie kwa maji. Mbawakawa huyu huelemea zaidi miti iliyozeeka au iliyodhoofika kwa kiu, hasa palo verde ya Meksiko, ingawa hula pia mizizi ya mforosadi na ya mwaridi. Mti wenye nguvu humstahimili. Mwagilia polepole, maji yazame chini sana, na uyaelekeze pale kivuli cha matawi kinapoishia badala ya kwenye shina, kisha uache udongo ukauke kabla ya kurudia. Matawi makavu yakate. Mti ukianza kuegemea upande mmoja, mwite fundi wa miti upesi, kwa kuwa mizizi iliyoliwa haiwezi kuushika katika pepo kali za msimu huo.

Yule mweusi ni ndugu kweli, naye huitwa Moneilema gigas. Mabawa yake ya juu yameungana, hivyo haruki kabisa, hutembea tu kutoka mpungate mmoja hadi mwingine. Kwake yeye kumkamata aliyekomaa kuna faida, kwa kuwa ukimwondoa jike kabla hajataga, umeuokoa mpungate usiliwe na mabuu wake. Mtafute jua linapozama au alfajiri, ukiwa umevaa glavu nene, na uangalie pia utomvu mweusi ulioganda kwenye shina la mpungate: hapo buu yumo ndani tayari.