Usiache mitindo, ndiyo inayokupa kasi

Ndugu, umeuliza kama uache kuruka kwa mitindo kwenye SSX Tricky, gemu la mbio za kuteleza kwa ubao kwenye theluji la PlayStation 2, kwa kuwa kila mbio unaachwa nyuma. Hapana, usiache kabisa! Katika gemu hili la mwaka 2001, mitindo ndiyo inayojaza ile mita ya nguvu, na nguvu hiyo ndiyo turbo yako, yaani kasi ya ziada. Anayeteremka tu bila kuruka hubaki mkavu, hana turbo.

Nadhani kosa liko kwenye kutua. Bonyeza kitufe cha kuruka mapema, kishikilie, kiachie ukifika ukingoni kabisa mwa mruko. Ukiwa hewani umeushika ubao kwa mkono, uachie kabla hujagusa theluji. Ukitua bado umeushika au umekaa upande, unaanguka, na hapo wenzako wanakupita. Mzunguko mmoja uliokamilika una faida kuliko mitatu ya pupa.

Mita ikijaa, jaribu mitindo mikubwa. Kila mmoja hukupa herufi ya neno TRICKY, na ukizipata zote sita turbo haikwishi. Njia za mkato jifunze baadaye, ukishazoea kutua.