Noti Moja Iliyochanika

SWALI: Mama, salamu kutoka Katuba. Mwaka wa nne sasa ninapokea pesa za wateja katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi. Mwezi wa tatu nilipokea noti ya dola 100 iliyochanika pembeni. Hakuna aliyeikubali, patroni akaikata kwenye mshahara wangu. Tangu hapo ninahesabu pesa mara nne, moyo unanidunda, usingizi hauji. Najiona sifai. Niache kazi?

JIBU: Mwanangu, usiache kwanza. Noti moja imekumezea miaka yote hiyo, na hilo ndilo linaloniuma.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada, aliandika juu ya imani ya mtu kwamba kazi fulani ataiweza. Si majivuno, ni kuamini kwamba utaiweza kazi hii hii iliyo mbele yako. Imani hiyo hulishwa kwanza na yale uliyokwisha kuyaweza, halafu na kumwona mwenzako akiweza, na maneno ya watu unaowaamini, na jinsi unavyousoma mwili wako. Hapo pa mwisho ndipo ulipokwama. Moyo unadunda, nawe unasema: unaona, siwezi. Kumbe moyo unaogopa kukatwa mshahara. Juu ya hesabu zako hausemi kitu.

Mimi nilikuwa mpiga taipu. Kompyuta zilipoingia ofisini, wiki mbili nilikwenda kazini tumbo likinisokota. Hotuba za mkubwa hazikunifaa. Nilikaa kando ya mama mmoja aliyenizidi umri, nikatazama vidole vyake vizito vikimaliza barua nzima. Kesho yake nikaandika yangu. Moja tu.

Basi kila jioni hesabu ikikaa sawa, andika kwenye daftari: tarehe, faranga, dola, sawa. Hesabu mara mbili. Ya tatu na ya nne ni za hofu, na zinainenepesha. Dola ipitishie kidole pembe zote nne mteja akiwa bado mbele yako.

Lakini sitakudanganya kwamba yote yamo kichwani mwako. Anayekatwa mshahara kwa kosa moja ataogopa hata akijiamini vipi. Mwombe patroni, kwa heshima, abandike ukutani karatasi ya noti zisizopokelewa, ili anayekataa liwe duka, si wewe peke yako. Usingizi ukizidi kukukimbia, nenda kituo cha afya ukaeleze kama ulivyonieleza mimi.

Daftari likifika ukurasa wa pili, niandikie.