Usiipangie familia ya askari msiba wake

Ndugu uliyeuliza wewe na majirani mumsaidieje mjane wa askari ambaye mwili wake uliletwa juzi kutoka Kongo: nilistaafu jeshini nikiwa sajinitaji, na mara tatu nilitumwa kusindikiza mwili hadi kijijini. Nasema niliyoyaona.

Mara ya kwanza niliharibu mwenyewe. Nilifika nikakaa na wanaume tu: baba wa marehemu, baba zake wadogo na mwenyekiti wa kijiji. Tukapanga gwaride, hotuba, kila kitu. Usiku mama mtu akaniita uani: "Mwanangu, hizo bunduki za kesho ni lazima?" Nikamjibu ndiyo, ni heshima ya marehemu. Zilipolia, mtoto wa marehemu wa miaka mitano alikimbilia migombani, akaja kupatikana jioni. Yule mama alikuwa ananiuliza kwa ajili ya mjukuu wake, mimi nikamsomea utaratibu.

Tangu hapo nikifika msibani naanza na mama na mjane, kila mmoja peke yake. Wanataka jeneza lilale ndani? Wapiga picha waje? Nani hasa azungumze?

Familia ya pili walikuwa Waislamu. Mjane yuko eda, anakaa ndani miezi minne na siku kumi, halafu ofisi moja inamwita mjini akasaini karatasi! Ilitosha mtu mmoja kupiga simu kueleza, karatasi zikaletwa nyumbani. Mambo kama hayo jirani anaweza kuyafanya, hata kama hajui lolote la jeshi.

Halafu fedha. Fidia ya Umoja wa Mataifa kwa mlinda amani hupitia serikalini na huchukua muda, lakini uvumi wake hutangulia. Nimeona mashemeji wakigombana kabla matanga hayajaanuliwa. Kikao cha ukoo cha kumteua msimamizi wa mirathi kisubiri watu watulie, mjane awemo, na muhtasari usomwe mbele yake kabla ya kupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Msimwachie asaini asichokielewa. (Na wanaokuja kumkopa, wafukuzeni tu.)

Bibi yangu mzaa baba mwanawe amelala Kaboya, Muleba, pamoja na mamia ya askari wa Vita vya Kagera. Hakuulizwa mwanawe azikwe wapi. Mwaka 1979 nani angemuuliza? Hakulalamika. Alichotaka ni kuliona kaburi, na alifariki hajaliona. Ndiyo maana Desemba 2017, wale walinda amani wetu 14 waliouawa Semuliki, kule Kongo, walipoagwa pale Upanga, Dar es Salaam, kisha wakasafirishwa makwao, nilimkumbuka yeye.

Sasa hivi kwa mjane wako kumejaa watu. Wewe jiwekee zamu baada ya arobaini, maturubai yakishaondoka: ada za shule, safari za mahakamani, paa linalovuja. Na muulize kama angependa kuonana na askari aliyekuwa na mumewe kule. Wengine hawataki, waacheni. Yule mama wa mara ya kwanza alitaka. Nilimpelekea kijana mmoja wa kombania ya mwanawe baada ya miezi saba. Hakumuuliza habari za risasi. Aliuliza kama mwanawe alikuwa amekula siku ile, kijana akamwambia walikula maharage na ugali, na kwamba ni yeye aliyepika.