Mke wangu amechanganyikiwa baada ya kujifungua: je, ni udhaifu wa imani?

SWALI: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni mkazi wa Kondoa. Mke wangu amejifungua mtoto wetu wa pili, na leo ni siku ya kumi na tisa. Tangu wiki ya kwanza halali usiku hata mtoto akilala, analia bila sababu, na juzi ameanza kusema anasikia sauti inayomwambia kwamba mtoto si wake. Mama na shangazi zangu wanasema ni kwa kuwa ameacha swala, na kwamba amepandwa na jini. Daktari ametupa rufaa ya Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma, lakini wazee wanakataa. Wanasema aliyeingia Mirembe harudi kuwa mtu, na kumeza vidonge vya akili ni kukosa tawakkul, yaani kutomtegemea Mwenyezi Mungu. Wengine wananishauri nimrudishe kwao. Nifanye nini?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu yangu, nitatanguliza jibu kabla ya hoja zake: mpeleke, na usingoje arobaini iishe. Mama anayesikia sauti ikimwambia kwamba mtoto si wake ni mgonjwa wa haraka, kama anayevuja damu. Mpaka mtakapofika kwa daktari asiachwe peke yake, wala asiachwe peke yake na mtoto, hata kwa muda wa kuteka maji. Akae naye mtu anayempenda, na mtoto anyonye mtu huyo akiwepo. Silisemi hili kwa kumdhania ubaya, bali kwa sababu maradhi haya hubadilika kwa saa chache, na mwenyewe akipona huwashukuru waliomlinda.

Ama kauli kwamba haya yamempata kwa kuwa ameacha swala, nimeisoma mara mbili nikashangaa. Mwanamke aliye katika nifasi, yaani damu ya uzazi, haswali wala hafungi, na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi damu hiyo kwa kawaida huwa siku arobaini na yaweza kufika sitini. Mke wako yuko siku ya kumi na tisa. Damu ikiwa bado inatoka, akiswali leo ndipo atakapokuwa amekosea. Sheria yenyewe imempumzisha, nasi tunamlaumu kwa kuitii.

Na hata angekuwa katika siku zake za kuswali, huzuni haipimi imani ya mtu. Bibi Maryam, ambaye Qur'ani imemsifu kuliko wanawake wa zama zake, uchungu wa uzazi ulipomfikisha kwenye shina la mtende alisema laiti angelikufa kabla ya hayo akawa kitu kilichosahaulika kabisa. Imo katika Sura Maryam, aya ya 23. Sasa tazama aya tatu zinazofuata. Hakuambiwa "imani yako iko wapi?" Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaelekezwa kwenye tende mbivu, akaambiwa ale, anywe na jicho lake litulie. Ningetamani aya hizo zisomwe katika kila nyumba yenye mzazi, kabla shangazi hawajaanza kuzungumza.

Kuhusu jini, mimi siwakanushi majini, na Qur'ani ina sura nzima yenye jina lao. Ninalolikataa ni pupa yetu ya kuwasingizia kila jambo. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa kijana baada ya swala ya Isha, amefungwa mikono kwa kamba ya katani hadi viganja vimevimba. Nilikaa mkekani mbele yake nikamsomea usiku kucha, na kila alipoweweseka jamaa zake walisema, "Huyo, anajibu!" Karibu na alfajiri niliweka mkono kwenye paji la uso wake, nikakuta anawaka moto. Ilikuwa malaria, imempanda kichwani, nami nilikuwa nimemcheleweshea matibabu usiku mzima. Alipona, alhamdulillahi, lakini tangu siku hiyo simsomei mtu kabla sijauliza kama amepimwa. Mzazi naye akichanganyikiwa, daktari hutazama pia homa, presha, wingi wa damu na maambukizi ya kizazi, kwa kuwa yote hayo yanaweza kuvuruga akili.

Kumsomea, basi, msomee: Fatiha, Ayatul Kursi, Falaq na Nas, kwa sauti ya upole, hata ndani ya basi mkiwa njiani kuja Dodoma. Lakini asipigwe, asifungwe, asifukizwe moshi, asinyimwe chakula, kwani Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kudhuriana. Mwenye kupenda kombe, yaani maji ya kunywa yaliyooshewa aya zilizoandikwa, asilifanye kuwa badala ya dawa. Na kwa mpiga ramli msikanyage kabisa, maana imepokewa na Imamu Muslim kwamba anayemwendea na kumuuliza jambo hazikubaliwi swala zake siku arobaini.

Sasa Mirembe yenyewe. Hospitali hiyo ipo tangu 1927, na bahati mbaya jina lake limegeuzwa kuwa tusi, hapa mjini hata watoto wakigombea mpira utasikia, "Wewe ni wa Mirembe!" Nadhani sehemu ya hofu inatokana na kitengo chake cha Isanga, ambako hupelekwa wagonjwa walioamriwa na mahakama, watu wakadhani hospitali yote ni gereza. Sivyo hata kidogo. Wapo wanaolazwa wakaruhusiwa, na wapo wanaohudhuria kliniki asubuhi wakarudi majumbani mwao. Nawajua waumini wa safu ya kwanza msikitini ambao huenda kuchukua dawa zao, wanafanya biashara, wanalea watoto, na wanaowasengenya wagonjwa huswali bega kwa bega nao bila kujua. Wala kuwatibu wagonjwa wa akili si jambo geni katika Uislamu: hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 ilikuwa na sehemu yao maalumu.

Tawakkul haikuwekwa ishindane na kidonge. Mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, akawaambia wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa moja tu, uzee. Hakuyatenga maradhi ya akili. Uwe na subira na dawa hizo, kwa sababu baadhi yake huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu kamili, na hapo ndipo jamaa huanza kusema hazisaidii. Wengine huziacha mgonjwa akianza kucheka tena. Nalo ni kosa, aziache kwa kauli ya daktari tu. Mweleze daktari kwamba ananyonyesha ili amchagulie dawa inayofaa, na akishauri mtoto aachishwe kwa muda, hakuna dhambi. Sura Al-Baqara, aya ya 233, imeruhusu mtoto anyonyeshwe na mwingine.

Mama yako akitaka kumsaidia mkwewe, ampikie. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiagiza talbina, uji wa shayiri, kwa mgonjwa na aliyefiwa, akisimulia kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba huupumzisha moyo na kuondoa baadhi ya huzuni. Shayiri huku kwetu ni adimu, lakini ulezi upo, na mzazi anauhitaji. Kisha achukue zamu ya usiku ya kumbembeleza mtoto, maana kukosa usingizi huuzidisha ugonjwa huu.

Wanaokushauri umrudishe kwao wamekushauri vibaya. Mwenyezi Mungu amekuamrisha ukae naye kwa wema (An-Nisaa, aya ya 19), na wema huo hausimami siku anapougua. Kama wazazi wake watamuuguza vizuri zaidi na mwenyewe anapenda, mpeleke, na wewe uende naye. Akikutukana au akidai talaka akiwa katika hali hii, usiyahesabu maneno yake, kwani kalamu imeondolewa, yaani haandikiwi makosa, kwa aliyepotewa na akili mpaka zimrudie.

Swala za siku za nifasi hazilipi, wala zile zilizompita akili zikiwa zimeondoka. Ramadhani ikimkuta bado yuko kwenye dawa, asiache kidonge cha mchana ili afunge; amuulize daktari kama kinaweza kuhamishiwa futari au daku, na ikiwa haiwezekani, ale, na siku hizo atazilipa akishapona.

Wallahu aalam.